Aliyeshinda Kalokol

Lodwar,
19 Mei 2012

Mjomba Mou,

Pokea salamu zangu na za mume wangu Ekuru, ambaye tangu awe nahodha wa klabu hasalimii mtu bila kutaja upepo. Sisi wazima. Joto ni kali, na tangu yale mafuta yaonekane huko Lokichar mji umejaa magari na wageni, hata mkate wa asubuhi unaufukuzia. Mama alipiga simu Jumapili kutoka kwetu Bor, Sudan Kusini. Nyumba imeshaezekwa, mtama umeshika, na anauliza kwa nini kaka yake hapokei simu. Nilimwambia simu ya kaka yake iko chini ya ziwa, awaulize samaki. Basi mpaka utakaponunua nyingine tutaandikiana kama watu wa zamani. Lomunokol, yule dereva wa pikapu ya Kakuma, amekubali kuzibeba barua. Nimemwambia akipoteza hata moja hatakunywa tena chai kwangu.

Mgongo unaendeleaje? Daktari wa hapa alikukataza kubeba vitu, nami najua una baiskeli za nusu ya hiyo kambi ya wakimbizi zinazokungoja uzitengeneze.

Sasa sikiliza ripoti. Nimeiandika mara tatu mpaka Ekuru akaniuliza kama naandika Biblia. "Mbio za kwanza za msimu, Kalokol, Jumamosi tarehe 12 Mei. Kilomita kumi, kayaki ya mtu mmoja. Wa kwanza: Mou Deng Ajak, Klabu ya Makasia ya Turkwel, Lodwar. Mpiga kasia huyu alikuja kutazama tu. Alichukua nafasi ya Lopeyok, aliyekuwa hoi kwa malaria, akawaacha wavuvi wa Kalokol nyuma kwa dakika mbili nzima, naye ana miaka arobaini na mitatu."

Najua uliniomba niliache jina la Lopeyok kwenye orodha. "Niache niwe Lopeyok mpaka jioni," ulisema. Mjomba, Lopeyok huyu huyu ambaye hajawahi kumaliza mbio bila kupinduka? Nani angeamini? Halafu mimi ni katibu, na katibu haandiki uwongo. Nimetoa nakala tano, moja ya Kakuma, ili vijana wa kambini wajue klabu ipo. Lomunokol ataibandika mahali penye watu.

Wako,
Akon

*

Kakuma,
5 Juni 2012

Mwana wa dada yangu,

Barua ilifika ikinuka mbuzi, lakini ilifika. Hapa vumbi ni lile lile. Mgao wa mtama ulichelewa, sasa umekuja, na watu wamepunguza kugombana.

Mahali penye watu alipopachagua Lomunokol unapajua? Ni ule ubao wa ofisi, wa majina ya wanaoitwa kwa safari za ng'ambo. Nimeusoma ubao ule kila asubuhi kwa miaka minane. Jumatatu nilikuwa nimeinamia gurudumu, jirani yangu Thuok akaja mbio: "Mou, jina yako iko kwa ubao!" Nikatupa gurudumu, nikakimbia na huu mgongo. Watu wakanipisha. Mwanamke mmoja akaanza vigelegele. Nikasoma: wa kwanza, Mou Deng Ajak, Kalokol. Sikujua nicheke au nikae chini. Hadi leo kuna watu wanaonipa mkono na kuniuliza kama ni Kanada au Australia.

Sasa bila mzaha, Akon. Unajua faili yangu ya safari imesogea mwaka huu kwa sababu moja, nayo ni mgongo. Hata ile pasi iliyoniruhusu kutoka kambini na kuja Lodwar ilikuwa ya hospitali. Mimi naujua mgongo wangu. Nikisimama unauma, nikibeba unauma, nikilala unauma. Nikikaa kwenye kayaki na kunyoosha miguu, hauumi. Ni mahali pekee. Lakini nani ofisini atalielewa hilo? Ataona mgonjwa aliyeshinda mbio, na safari yangu itaishia hapo. Usiandike jina langu tena. Nakuomba, usiliandike tena.

Ile karatasi ningeweza kuibandua siku ile ile. Sikuibandua. Ilikaa siku nne, ya tano sikuiona. Nadhani ni upepo.

Mjomba wako,
Mou

*

Lodwar,
20 Agosti 2012

Mjomba,

Salamu. Tumemaliza wiki mbili za homa hapa nyumbani, kwanza Ekuru, kisha mimi, sasa tumepona na tunakula kama nzige. Mama anasema Nile imepanda na watoto wa majirani wanacheza na mtumbwi wako wa zamani. Hakujua kama bado upo.

Nimekusikia. Sikuandika jina lako popote.

Mbio za pili zilikuwa Eliye tarehe 11. Upepo wa asubuhi uliamka kabla yetu, mawimbi yakawa yanaingia ndani ya kayaki, tukangoja mpaka saa sita ndipo filimbi ikapigwa. Namuria, yule msuka vikapu wa majani ya mkoma, alishinda upande wa wanawake, akatoka majini akauliza wanaume wataanza lini. Ekuru na Lopeyok walikwenda kwenye kayaki ya watu wawili. Walipinduka karibu na mwisho, wakaingia wakiogelea, wakiivuta kayaki kama mbuzi mkaidi. Wakapewa nafasi ya tatu kwa sababu timu zilikuwa tatu. Ekuru aliniomba nisiandike habari ya kuogelea. Nimeiandika.

Tunaongoza msimu kwa pointi mbili, na pointi zenyewe ni zile ulizotuletea wewe. Watu wa Kalokol walikuwa wakikutafuta kwa macho. Mzee wao mmoja alinijia, akanisalimia Kiturkana: "Ejok, katibu. Na ile mtu yenu mrefu, alienda wapi?" Nikamwambia amesafiri. Ni uwongo mdogo, lakini ni uwongo.

Mbio za tatu ni Novemba, hapa Turkwel, mto ukijaa. Huji hata kutazama?

Akon

*

Kakuma,
30 Septemba 2012

Akon,

Salamu kwa Ekuru, kwa Namuria na kwa muogeleaji. Mimi mzima kwa kiasi changu. Hapa watu nusu wanaongea habari za kurudi nyumbani, nusu za kwenda ng'ambo. Anayeongea habari za kubaki hayupo, na wote tumebaki. Wiki jana yalitoka majina kumi na tisa. Nilisoma hadi chini, nikarudia kuanzia juu.

Situlii, mwana wa dada yangu. Naziba pancha, nikimaliza sijui nimeziba ya nani. Nimekata tawi la mti wa mathenge nikalichonga kasia. Mchana kazi ikipungua nakaa juu ya kreti, nanyoosha miguu, napiga kasia hewani. Thuok alipita akasimama. "Mzee, na hii unaenda wapi?" Nikamjibu, Kalokol. Akaniambia nikifika nisalimie watu, akaenda zake.

Mara mbili nimekwenda hadi langoni kuomba pasi, mara mbili nimegeuka. Mei nilikuja kwa daktari kweli kweli, mbio zilinikuta tu. Nikija sasa nikisema ni mgongo, nitakuwa mwongo. Na pasi ya kupiga makasia haijatungwa bado.

Lopeyok anapinduka kwa sababu anatazama kasia lake. Mwambie atazame mbali, kule anakokwenda, mkono utaifanya kazi yake wenyewe. Mtoni ashike ukingo wa ndani, asipigane na maji ya katikati. Namuria asibadilike hata kidogo. Niandikie upepo ulikuwa wa kutoka wapi Eliye, na wale wa Kalokol walianzaje, na kama bado wanachoka baada ya kilomita ya saba.

Nimeambiwa nitaitwa kuhojiwa Januari. Ni mahojiano ya mwisho, wanasema. Wanasema mengi.

Hujaniomba radhi kwa ile karatasi. Nimeona.

Mou

*

Lodwar,
2 Desemba 2012

Mjomba,

Salamu nyingi. Mvua imetutembelea, barabara ya Lorugum imekatika mara tatu, na pikapu zimelala huko na abiria wao. Mama hajambo.

Jumamosi tarehe 24 mto ulijaa hadi magoti ya mikoma, maji mekundu yenye matawi. Nilimwambia Lopeyok ulivyosema. Akatazama mbali. Akashika ukingo wa ndani. Mjomba, alimaliza! Wa nne, mkavu hadi kifuani. Watu darajani walipiga kelele mpaka mbuzi wakatawanyika. Naye kwa furaha akasimama ndani ya kayaki, akapinduka hapo hapo mbele ya daraja zima, lakini mstari alikuwa ameshauvuka. Namuria alikuwa wa pili kati ya watu wote, wanaume ndani yake. Kalokol wametukaribia, tumebaki na pointi moja mbele. Mbio za mwisho ni kwao, tarehe 23 Machi, baada ya uchaguzi.

Mimi sitapiga kasia hadi baada ya Juni. Ekuru ameniondoa kwenye orodha, na safari hii sikubishana naye. Utaelewa. Mama nimeshamwambia, alilia kwenye simu mpaka salio likaisha.

Kuhusu karatasi. Nikisema najuta nitakuwa nimedanganya nusu. Siku ile uliposhuka majini na watu wa Kalokol wakaulizana huyu ni nani, nilitaka jina lako lisomwe kwa sauti. Tangu nizaliwe nimelisikia likisomwa kwenye foleni ya mgao tu. Kama nimekuumiza, nisamehe kwa hilo. Kwa kuliandika siwezi kuomba msamaha.

Akon

*

Lodwar,
17 Januari 2013

Mjomba,

Salamu, na habari nyingine zingoje.

Jana klabu ilipata barua kutoka ile ofisi inayoshughulikia faili yako. Wanauliza kama Mou Deng Ajak, aliyeshinda Kalokol tarehe 12 Mei, ni yule yule anayeishi Kakuma na aliyeandikiwa ugonjwa wa mgongo. Wanataka jibu la katibu, lenye sahihi na muhuri, kabla mwezi huu haujaisha.

Niseme nini?

Nimempigia Thuok mara saba, simu yake hailii. Najua huiacha sokoni ichajiwe. Hata ingelia, neno hili si la kupitia sikio la jirani. Ekuru anasema kweli ni kweli, tuiseme kama ilivyo. Ni rahisi kwake, mgongo si wake na faili si yake. Mimi ndiye niliyeandika lile jina. Ulinikataza, nikaliandika, nikatoa nakala tano kama mjinga.

Niambie tu neno moja, ndiyo au hapana, na nitaandika hilo hilo. Lomunokol anaondoka sasa hivi, nimemsimamisha barabarani. Nimemwambia asirudi bila jibu lako.

Akon

*

Kakuma,
24 Januari 2013

Akon,

Umenitia hofu kwa salamu fupi. Mtoto anacheza? Kula samaki, acha chai.

Barua yako ilinikuta natoka kuhojiwa. Juzi, tarehe 22, niliitwa. Niliketi mbele ya mama mmoja wa ofisi na mkalimani. Alifungua faili, akatoa karatasi iliyokunjwa, akaifungua mezani. Ni ile ripoti yako. Kumbe haukuwa upepo, aliibandua yeye. Akaniuliza, "Huyu ni wewe?"

Akon, hapa kambini kuna akina Mou wasiopungua mia. Ningeweza kusema ni mwingine, nikapita. Nilikuwa nimelipanga jibu hilo tangu Juni. Mdomo ukakataa. Nikamwambia ni mimi, na nikamweleza yote, mpaka jinsi ninavyokaa na mahali miguu inapoegemea. Alinisikiliza. Kisha akatafuta karatasi ya daktari wa Lodwar, akaisoma, akaanza kucheka. Daktari ameandika pale: asisimame muda mrefu, asibebe mizigo, mazoezi ya kukaa yatamsaidia. Yameandikwa siku zote, na mimi sikuwahi kumwomba mtu anisomee Kiingereza chake.

Akasema hakuna tatizo. Anangoja jibu la klabu tu, likisema kama nilivyosema, faili inapanda.

Kwa hiyo neno lako ni ndiyo. Andika ndiyo, weka muhuri, na uandike zile dakika mbili pia.

Lomunokol anasema gia za gari zimeanza kulia, huenda akachelewa kidogo kwa fundi. Nimefurahi, mwana wa dada yangu. Nalisema wazi, nimefurahi.

Mou

*

Lodwar,
31 Januari 2013

Mjomba,

Salamu. Wiki mbili nimetazama barabara ya Kakuma. Pikapu haikuja. Nimesikia imekufa huko kwako, gia zimevunjika, na kipuri kinangojwa kutoka Kitale. Thuok bado hapatikani. Leo ndiyo siku ya mwisho waliyotupa, na dereva wa lori la Lokichoggio alikuwa tayari kuipeleka barua ya ofisi. Ikabidi niamue peke yangu.

Nimekuokoa, Mjomba. Nimeandika kwamba aliyeshindana Kalokol ni Lopeyok, kama orodha ilivyosema tangu mwanzo, na kwamba jina lako liliingia kwenye ripoti kwa kosa la katibu. Nimeweka sahihi na muhuri. Kisha nimechana ukurasa wa Mei kwenye kitabu cha klabu na kuuandika upya, iwapo watakuja kukagua. Sijawahi kuandika uwongo kwenye kitabu kile. Mstari wa kwanza unaonekana kama nimeuandika ndani ya kayaki.

Lopeyok nilimweleza. Alikuna kichwa. "Mama katibu, mimi siwezi shinda hao watu. Kila mtu anajua mimi." Lakini amekubali kwa ajili yako. Ekuru hajaongea nami tangu asubuhi, anaomba chumvi kwa kidole.

Na wakasirike. Miaka yote umetungoja sisi tukue, tusome, tuolewe, safari hii uende wewe. Ukifika huko mbali tafuta maji yalipo, na ujiandikishe kwa jina lako.

Leo nitapumzika.

Akon

*

Kakuma,
18 Februari 2013

Akon,

Salamu kwa nyumba yako.

Barua zetu zimepishana njiani. Nadhani yangu umeshaipata, kwa kuwa pikapu imetengenezwa.

Niliitwa tena tarehe 12. Faili imefungwa. Sababu zao wanazijua wao.

Usilie, si vizuri kwa mtoto. Usije mbio. Usiniandikie haraka.

Mou

*

Lodwar,
27 Machi 2013

Mjomba,

Nimekaa wiki tano bila kuandika kwa kuwa ulinikataza haraka. Sikujua nitazipitishaje. Uchaguzi umekwisha kwa amani hapa, maofisi yamefunguliwa, na mtoto anapiga teke hasa nikikaa kuandika.

Barua yako ya tarehe 24 Januari niliipata tarehe 6 Februari. Lomunokol aliileta mwenyewe hadi jikoni. "Gari ilikuwa imekufa, mama, si mimi." Niliisoma nimesimama. Siku sita, Mjomba. Siku sita tu ningengoja.

Halafu ulipoandika sababu wanazijua wao, nilijua unanificha. Tarehe 11 Machi klabu ililetewa nakala. Imeandikwa: maelezo ya mhusika yalipingana na ya klabu, na alipoulizwa tena, mhusika amekiri kuwa alidanganya na kwamba hakushindana. Nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Umekiri? Kwa nini umekiri, na wewe ndiye uliyesema kweli?

Siku ile ile niliitisha mkutano wa klabu, nikasema yote. Nikaurudisha ukurasa wa Mei kama ulivyokuwa. Nikawaandikia Kalokol pia, nikidhani watatunyang'anya pointi zote. Mzee wao alijibu kwa simu: "Sisi hapa hakuna kipofu. Hiyo siku tuliona ni nani." Jumamosi tukaenda kwao. Ekuru alikuwa wa tatu. Namuria wa kwanza kwa wanawake, na Lopeyok wa tano, mkavu. Tumeuchukua msimu kwa pointi moja. Kombe ni sufuria jipya lililopakwa rangi ya dhahabu. Ekuru alilinyanyua, watu wakaimba, mimi nikaenda kukaa nyuma ya lori.

Nataka kuja ofisini kusema kwamba mwongo ni mimi. Niruhusu.

Na kuna jambo jingine, nalo naona aibu kuliomba. Mama amenipigia. Anasema mimba ikifika mwezi wa saba mjomba ndiye anayemnyunyizia mama maji na kumwombea, na kwamba mjomba akiwa na kinyongo, mzigo wake hauendi kwa mpwa, unakwenda kwa mtoto. Anasema nikuombe uninyunyizie hata ukiwa huko, useme maneno yake, uniandikie kwamba umeyasema. Mimi nimesoma, lakini naogopa. Usiku na mchana naogopa. Moyo wako uko vipi, Mjomba?

Akon

*

Kakuma,
14 Aprili 2013

Akon,

Mmeshinda, hongera. Mpe Namuria mkono wangu. Lopeyok mwambie sasa ajifunze kusimama nchi kavu. Mvua imenyesha hapa siku mbili na njia ya kwenda kwenye maji ya mgao imekuwa mto, ningekuwa na kayaki ningeokoa viatu.

Unauliza kwa nini nilikiri. Yule mama aliweka karatasi mbili mezani, yangu na yako, akauliza ni nani kati yetu anayesema uwongo. Aliuliza taratibu, hakuwa mkali. Yako ilikuwa na muhuri. Nikafikiri, nikisema ni wewe, watakuja Lodwar kuchukua kitabu, na jina la mumeo limo humo, na wewe una mtoto tumboni. Nikasema ni mimi. Nikasema sijawahi kukaa kwenye kayaki maisha yangu yote. Mkalimani alinitazama, maana siku ile ubaoni alikuwa mmoja wa walionipa mkono. Kisha akatafsiri.

Usinishukuru. Nina hasira. Nimekaa mwezi mzima nikitafuta namna ya kukuandikia kwamba sina, sikuipata. Hasira si ya ile karatasi ya ubaoni. Ile niliipenda, nilikwenda kuisoma siku zote hizo nne. Nina hasira kwa sababu hukungoja. Mimi nimengoja maji, nimengoja mgao, nimengoja jina, miaka ishirini. Wewe ulishindwa kungoja gari litengenezwe. Ukaamua maisha yangu kwa siku moja, ukaniambia umeniokoa, ukapumzika.

Ofisini njoo, useme, sikuzuii. Thuok anasema rufaa zipo. Labda watafungua, labda watasema sasa ni uwongo wa tatu. Sitakaa nikitegemea.

Kuhusu maji, mama yako amesema kweli, na ndiyo maana sitayanyunyiza kwa barua. Nikiyasema yale maneno na moyo ukiwa hivi ulivyo, nitakuwa namdanganya mtoto ambaye bado hajazaliwa, na uwongo katika ukoo huu umetosha. Njoo kabla hujawa mzito zaidi. Utakaa kwangu siku tatu. Ya kwanza na ya pili nitakukasirikia usoni, na wewe utanyamaza, ambalo najua litakuwia gumu kuliko kuzaa. Ya tatu nitateka maji.

Usikae nyuma na magunia. Mwambie Lomunokol akuweke mbele, na kwenye makorongo apunguze mwendo.

Mjomba wako,
Mou